Daktari wa Tatu

Katika kanisa lao la Beu, mjini Beni, Kaswera aliimba sauti ya pili kwa miaka mingi, na wageni waliokuja ibadani waliitambua sauti yake kabla ya kuijua sura yake. Haikuwa sauti laini. Ilikuwa nzito, ya mwanamke aliyezaliwa Mangina kwa wakulima wa kakao, akakua akiitana na ndugu zake kutoka shamba hadi shamba. Kwa hiyo Jumapili moja alipofunga kitabu cha nyimbo katikati ya ubeti akaketi, wenzake walidhani ameletewa habari ya kifo. Katika Beni ya siku hizo, wazo hilo ndilo lililotangulia mengine yote.

Hapakuwa na kifo. Pumzi ilikuwa imemwishia.

Alikuwa mjane, mama wa binti mmoja aitwaye Sagesse, na kazi yake ilikuwa kufua mashuka katika kliniki ya Daktari Ananie, palepale Beu. Kliniki ilikuwa ya binafsi, si kubwa, lakini watu waliiamini. Ebola ilipozuka Mangina mwaka wa 2018 na kuingia Beni, kazi ya Kaswera ilibadilika. Mashuka yalikuwa yakichomwa moto badala ya kufuliwa. Yeye na mwenzake Halima wakapewa kazi ya kuchanganya klori: unga mweupe unamiminwa katika mapipa ya maji, mchanganyiko mkali wa kusafishia sakafu na vitanda, na mwepesi wa kunawia mikono.

Walichanganyia katika chumba kilichokuwa nyuma ya kliniki, ambamo zamani yaliwekwa magodoro. Hakikuwa na dirisha. Kulikuwa na mlango tu, nao ulifungwa ili wagonjwa na watoto wasiingie. Barakoa nzuri zilikwenda kwa wauguzi waliogusa wagonjwa, na hakuna aliyeona vibaya, ndivyo ilivyopaswa. Kaswera na Halima walijifunga vitambaa puani. Jioni walitoka macho yakichuruzika, vifua vikiwasha kama vimepakwa pilipili, wakanywa maziwa kwa sababu watu walisema maziwa yanaosha kifua. Halima hakuweza kuvumilia, alitoka mara kwa mara kupunga hewa. Kaswera alibaki akikoroga. Alisema unga usipokorogwa vizuri maji yatamdanganya mtu, na mtu atakufa.

Daktari Ananie hakukimbia. Hilo Kaswera alilisema kila mara, hata baadaye, hata mbele ya wale waliotaka amchukie. Madaktari wengine walipeleka familia zao mbali na kufunga milango. Yeye alizika muuguzi wake mkuu, akanawa mikono, akarudi wodini.

Ugonjwa ukaisha. Watu wakapiga ngoma, wakashikana mikono tena. Kikohozi cha Kaswera ndicho hakikuisha. Mwanzoni kilikuja asubuhi tu. Kisha kikaanza kumwamsha usingizini. Kisha akawa hawezi kubeba ndoo ya maji kutoka bombani bila kuiweka chini njiani na kushika kiuno, akipumua kwa mlio kama filimbi iliyopasuka. Kule kliniki, Daktari Ananie alimpa dawa, akamwambia apumzike kwanza nyumbani. Pumziko hilo halikuwa na mwisho. Alipokwenda kuuliza lini atarudi, alimkuta mwanamke mwingine akianika mashuka.

Dada yake Kaswera alikaa Butembo, na huko ndiko alikompata Daktari Adèle. Alikuwa mwanamke kijana, wa kanisa lao, aliyetibu watu katika kituo kidogo karibu na soko. Akamsikiliza kifua mbele na nyuma, kwa muda mrefu. Halafu akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Mama, unafanyaka kazi gani?"

Kaswera akamweleza habari za kile chumba. Daktari Adèle akaacha kuandika.

"Mulango ulifungwa?"

"Ulifungwa, Docteur. Juu ya batoto."

"Mama Kaswera, hii hapana pumu ya kawaida. Naona ni ile chlore. Na kama ugonjwa umetoka ku kazi, sheria iko: unapimwa, bakikubali, bima ya bafanyakazi inakulipa kila mwezi mupaka mwisho. Patron yako, mwenye kazi, njo alipaswa kuutangaza ku serikali. Rudia Beni, uone inspecteur wa kazi."

Kaswera hakuwa mtu wa kwenda ofisini. Alikaa na neno lile mpaka mvua za kwanza zikaisha. Kilichomwondoa nyumbani ni Sagesse, aliyemkuta siku moja ameketi katikati ya njia, ndizi zake zimemwagika, na watu wakimzunguka kama anakata roho.

Inspecteur, yaani mkaguzi wa kazi wa serikali, aliitwa Gracien. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya uchovu, na ofisi yake ilijaa kesi za madereva na wapasuaji mbao. Alimsikiliza, akaiandikia kliniki. Jibu lilirudi upesi. Lilisema mama huyu alipimwa, na ugonjwa wake ni pumu ya ukoo, kwa kuwa hata mama yake mzazi alikohoa mpaka kufa. Hauhusiani na kazi. Aliyetia saini kama mganga mpimaji alikuwa Daktari Ananie mwenyewe.

Gracien alimsomea polepole.

"Mama yangu alipikaka na kuni mwenye jiko ya kufungwa, miaka yote," Kaswera alisema. "Alikohoa, ni kweli. Mais, Inspecteur, miye nauliza tu. Huyu njo aliniweka ku kazi. Huyu njo alinitoa ku kazi. Na huyu njo anapima kama kazi yake ilinigonjwesha? Mwenye kupiga mutu, njo anapima kidonda?"

"Hapana, Mama," Gracien alisema. "Hiyo haiwezekane. Nitakataa hii karatasi."

Akaikataa kweli. Alieleza kliniki kwamba mwajiri hawezi kuwa mpimaji katika shauri lake mwenyewe. Wamteue daktari mwingine, na mama naye atateua wake. Tangu hapo nenda-rudi ikaanza. Kliniki ilimteua daktari aliyepiga zamu mlemle ndani ya kliniki. Alimpima Kaswera wima, bila hata kumketisha, na ripoti yake ilikuwa na maneno yaleyale ya Daktari Ananie, saini tu ndiyo ilibadilika. Kaswera akamteua Daktari Adèle. Mwanasheria wa kliniki akampinga: huyo ndiye anayemtibu, tena wanasali kanisa moja, atasemaje kinyume chake?

Kaswera alipoambiwa hivyo aliona haya, kana kwamba amekamatwa na kosa. Gracien akamtuliza. Alisema pingamizi lile halikuwa la kijinga. Kama yeye alikuwa na haki ya kukataa mpimaji aliye karibu mno na kliniki, kliniki nayo ilikuwa na haki ya kukataa aliye karibu mno naye.

"Donc banganga babiri bamepingana," alisema. "Sheria inatafuta wa tatu. Lakini wa tatu lazima pande zote bamukubali."

Kumpata wa tatu ndiko kulikomkondesha Kaswera kuliko ugonjwa. Kila jina lililotoka upande mmoja lilikataliwa na upande mwingine. Huyu alisoma na Ananie. Yule ni shemeji wa mtu fulani. Huyu hajui vifua, anajua mifupa. Wakati huo wote Kaswera aliishi kwa kaka yake, akila chakula asichokilima, na mke wa kaka yake hakusema neno baya hata moja, jambo lililomwumiza zaidi.

Mwishowe wakakubaliana juu ya bingwa mmoja wa vifua aliyekuwa akipita Butembo kwa muda mfupi tu. Siku ikapangwa. Kaswera alifunga nguo zake, akapiga pasi kitambaa cha kichwani. Alfajiri ya safari, barabara ya Butembo ilifungwa. Waasi walikuwa wameua watu usiku ule kando ya njia, na jeshi lilizuia magari. Alisimama na Sagesse penye kituo cha mabasi madogo mpaka jua likawa kali. Wanawake wawili karibu naye walikuwa wakilia, maana ndugu zao walilala upande ule. Kaswera akawashika mabega. Baadaye alisema siku hiyo hakupata ujasiri wa kuhesabu hasara yake.

Barabara ilipofunguliwa, bingwa alikuwa amekwisha panda ndege. Na kliniki ikaandika kwamba mama ameitwa kupimwa na hakufika, asiyefika amekubali kipimo cha kwanza, shauri limekwisha.

Gracien akaita pande zote mbili ofisini kwake. Kaswera alikuja na Sagesse na Daktari Adèle. Upande wa pili aliketi mwanasheria, na kando yake, kwa mara ya kwanza tangu shauri lianze, Daktari Ananie. Alikuwa amezeeka. Kaswera aliinuka kumsalimu kwa mikono miwili kama alivyozoea, na daktari akainuka pia, kisha wote wawili wakabaki hawajui waketi vipi.

Halima naye aliitwa, kwa sababu alifanya kazi mlemle. Aliingia akiwa amejitanda mtandio mpaka kwenye paji la uso. Bado alikuwa mfanyakazi wa kliniki. Mumewe, dereva wa lori, hakuwa na lori tena tangu lilipochomwa njiani.

"Mama Halima," Gracien alisema, "kile chumba cha kuchanganyia, wakati wa Ebola, kilikuwa na dirisha?"

Halima alitazama sakafu.

"Sikumbuke, Inspecteur."

"Hukumbuke?"

"Kulikuwa mambo mingi. Sikumbuke."

Sagesse alitaka kusimama. Kaswera akamkandamiza goti kwa kiganja. Halima akaambiwa atoke, akapita mbele yao bila kugeuza shingo, na nje wakamsikia akikohoa.

Mwanasheria akasema maneno yake ya tarehe na wito. Gracien akamkatiza: mtu aliyezuiwa na jeshi barabarani hajakataa kupimwa, na hilo hatalijadili. Shauri linaendelea. Lakini bingwa ameondoka, kwa hiyo wa tatu atafutwe upya. Majina yakaanza tena. Hapana huyu. Hapana yule. Daktari Adèle akapandisha sauti, mwanasheria naye akapandisha yake.

Ndipo Daktari Ananie akamgeukia Kaswera, akazungumza naye kama hapakuwa na watu wengine.

"Mama Kaswera. Wakati ule batu bengine balikimbia. Miye nilibaki. Unajua."

"Najua, Docteur," Kaswera alisema. "Na miye nilibaki."

Kaswera alingoja kifua chake kitulie, maana maneno marefu yalimpa shida, kisha akaendelea kwa vipande vipande.

"Docteur, mama yenu akingali muzima?"

"Akingali. Iko Lubero."

"Kama pumzi inamukatika, mutamutuma kwa nani? Hapana kwa rafiki. Hapana kwa mwenye atawafurahisha. Kwa nani?"

Mwanasheria alimwekea Ananie mkono begani na kumnong'oneza. Daktari Adèle naye akainama kwa Kaswera: "Mama, hapana! Usimuachie achague." Lakini Kaswera aliendelea kumtazama Ananie.

"Huyo njo nataka anipime. Muchague nyinyi. Muchague hapa, tukiwa tunaonana."

Ananie alivua miwani yake. Alikaa nayo mkononi muda mrefu hata Gracien akakohoa kumkumbusha.

"Docteur Éliakim," alisema mwishowe. "Wa Butembo. Mama yangu ningemutuma kwa Éliakim."

"Namukubali," Kaswera alisema.

Njiani kurudi nyumbani Sagesse alilia kwa hasira. "Mama, umeuza kesi. Adui anakuchagulia muganga na weye unasema ndiyo?" Kaswera hakuwa na pumzi ya kujibu na kutembea kwa pamoja. Walipofika, aliketi kwenye kizingiti, akasema tu kwamba mtu akitaja mama yake, ni vigumu kusema uongo. Lakini usiku ule mwenyewe hakulala. Hata Daktari Adèle alikuwa amemwambia kwamba Éliakim ni mzee mkali, asiyependa mtu, aliyemfundisha Ananie alipokuwa mwanafunzi. Kaswera aliwaza kwamba huenda amejifunga kamba mwenyewe.

Walikwenda Butembo nyuma ya magari ya jeshi. Asubuhi ya huko ilikuwa na ukungu na baridi, na kilima cha kwenda hospitalini kilimshinda Kaswera. Sagesse akakodi pikipiki. Daktari Éliakim alikuwa mfupi, mwenye mvi, na kweli hakuwa na maneno matamu. Hakumwuliza habari ya kanisa wala ya shauri. Alimwambia apulize katika mrija wa mashine kwa nguvu zake zote, mpaka mwisho wa pumzi.

Kaswera alipuliza. Kikohozi kikamkata.

"Tena."

Akapuliza tena. Machozi yakamtoka.

"Tena, Mama. Najua inauma. Nataka nione mwisho wake iko wapi."

Alimpima siku nzima, kwa picha na kwa damu na kwa kumtembeza ukumbini huku amemfunga kipimo kidoleni. Jioni alimwambia jambo moja tu: kabla ya kuandika neno lolote atakwenda Beni kukiona hicho chumba.

Hakuna aliyetazamia hilo. Juma lililofuata alifika kwenye kliniki pamoja na Gracien, na Kaswera akaitwa awepo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia ua ule tangu alipoondolewa. Mashuka yalikuwa yamepangwa kwenye kamba, na mikono yake ikataka kuyanyoosha. Walizunguka nyuma. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Na ukutani, upande wa bustani, palikuwa na dirisha.

Kaswera alilitazama. Dirisha zuri, pana, lenye wavu. Mwanasheria akasogea mbele.

"Kama munavyoona, hewa iko mingi. Haya mambo ya kufungiwa ndani ni hadithi."

Daktari Éliakim alikaribia ukuta, akapitisha gumba kwenye kingo za dirisha. Saruji ilikuwa nyeupe, na rangi ya pale haikulingana na ya ukuta wote. Akageuka. Halima alikuwa amesimama mlangoni na ndoo mkononi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa hapo.

"Mama, dirisha hii ni ya lini?"

Halima aliiweka ndoo chini, akamtazama Kaswera, akamtazama mwanasheria. Ilionekana wazi kwamba mwanamke yule amebebeshwa mzigo usio wake.

"Mumuache," alisema Daktari Ananie.

Alikuwa nyuma ya wote. Alipita katikati yao akasimama karibu na dirisha.

"Ni ya mwaka huu. Miye njo nilitoboa. Wakati ule haikuwa."

"Docteur!" mwanasheria akasema.

"Haikuwa," Ananie alirudia. "Nilikuwa nawaza bagonjwa tu. Hiki chumba, sikukiwaza hata siku moja. Kisha nilipokiwaza, niliogopa." Akamgeukia mwalimu wake wa zamani. "Muandike vile munaona."

Éliakim akatikisa kichwa mara moja. Hakumsifu. Aliingia ndani, akafunga mlango, akafunga na dirisha, akakaa humo peke yake kitambo, kisha akatoka na kuagana na Gracien.

Matokeo yalisomwa katika ofisi ya Gracien, lakini Éliakim alikuwa amemwita Kaswera kwanza, peke yake na binti yake, kwa sababu alisema mgonjwa hapaswi kusikia habari za mwili wake pamoja na wanasheria. Alivuta kiti karibu.

"Mama Kaswera, chlore iliunguza njia za pumzi yako. Hiyo nimeiandika bila kusitasita. Kazi njo ilikuletea huu ugonjwa. Umeshinda."

Sagesse alishika uso wake kwa mikono miwili. Kaswera alingoja, maana aliona mzee bado hajamaliza.

"Lakini pia nimeandika kwamba hapana kupona. Njo sababu kiwango cha ulemavu kiko juu. Dawa itakusaidia usizame zaidi. Penye uliungua, hapataota tena. Kazi ya kubeba, hapana. Kupanda milima, hapana. Nakuambia miye, ili usiisome ku karatasi."

Kaswera alitazama mikono yake. Kwa muda wote wa shauri alikuwa akipigania aaminiwe kwamba ameumia kweli. Hakuwahi kufikiri kwamba siku atakapoaminiwa, ndiyo siku atakayojua kwamba ameumia kabisa.

"Wasingya, Docteur," alisema, kwa Kinande, jinsi alivyomshukuru baba yake. "Aksanti ya kuniambia."

Kliniki haikupinga. Malipo ya bima yalianza baada ya kuchelewa-chelewa, na yakamwezesha Kaswera kuhama kwa kaka yake na kupanga vyumba viwili palepale Beu, mahali pasipo na mwinuko. Daktari Ananie alikuja kumwona mara moja. Hakuleta kitu na hakuomba msamaha kwa maneno. Aliketi, akanywa chai, akamwuliza dawa anazotumia. Alipotaka kuondoka, Kaswera alimsindikiza mpaka njia panda, ingawa kumsindikiza mtu kulikuwa kumekwisha kuwa kazi ngumu kwake. Watu wengine walimlaumu kwa hilo. Aliwajibu kwamba wao hawakuwapo.

Halima alikuja baadaye, alasiri moja ya mvua. Alisimama chini ya bati, akitiririka maji, mpaka Kaswera alipomwambia aingie.

"Nilisema sikumbuke," Halima alianza.

"Nilisikia."

"Bwana hakuwa na kazi. Nilijua bakinifukuza, tutakula nini? Lakini nilikumbuka, Kaswera. Nilikumbuka yote."

Kaswera alimpa kitambaa ajifute. Alikuwa na hasira, na hakuificha. Alimwambia kwamba siku ile alirudi nyumbani akihisi kwamba hata ile miaka ya mapipa waliyokaa pamoja imefutwa. Halima alilia. Walikaa hivyo, mvua ikipiga bati, bila mmoja kumfariji mwenzake. Hatimaye Halima akakohoa, akainama na kushika kifua, na Kaswera akakitambua kikohozi kile kama mtu anavyotambua hatua za ndugu yake.

"Tangu lini?"

"Tangu mbele, tangu mapipa. Nilikuwa nasema ni vumbi." Alipata pumzi. "Docteur Ananie ameandikisha majina ya batu bote balifanyaka ku kile chumba. Anasema tupimwe kwa Éliakim, sisi bote. Amepanga siku yangu. Naogopa, dada."

"Unaogopa nini? Barabara?"

"Naogopa ataniambia vile alikuambia."

Kaswera hakumwambia kwamba haitakuwa hivyo. Hakujua. Alimweleza habari za mrija, namna ya kuubana kwa midomo pumzi isivuje, na kwamba mzee atasema "tena, tena" wala si kwa ukatili. Akajaribu kumwonyesha kwa kupuliza hewani, akaishiwa, ikabidi ashike meza. Halima akamshika mkono mwingine mpaka pumzi ikarudi.

"Tutaenda bote," Kaswera alisema.

"Na kile kilima?"

"Tutapanda pikipiki."

Walikwenda Alhamisi. Barabara ilikuwa wazi siku hiyo, na ndani ya basi dogo waliketi karibu na dirisha, Halima akisali kimyakimya kwa tasbihi, Kaswera akiwa amefumba macho, kichwa kimeegemea kiti, akihifadhi pumzi yake.